Wanawake wa FRELIMO: je, vita viliwabadilishia nafasi yao?

Mwalimu wa Historia, Bagamoyo:
Shikamooni wakubwa zangu. Naandaa somo la ukombozi wa Msumbiji kwa wanafunzi wa mji huu, ambamo FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Wareno, iliweka shule yake ya sekondari. Katika maandishi niliyonayo, viongozi wake, Eduardo Mondlane na Samora Machel, wanaelezwa kurasa kwa kurasa, ilhali wanawake wanapewa mstari mmoja tu kwamba "walisaidia". Walifanya nini hasa, na je, kazi hiyo iliwabadilishia nafasi yao?

Mzee wa Dunda:
Marahaba, mwanangu. Neno "walisaidia" linawapunja. Vita vilipoanza Septemba 1964, risasi, dawa na chakula vilivushwa Mto Ruvuma, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, kisha vikasafirishwa porini kwa miguu siku nyingi, vikiwa vichwani mwa watu ambao wengi wao walikuwa wanawake. Na hao hao ndio waliolima mashamba yaliyowalisha wapiganaji. Mwaka 1967 kikaundwa Kikosi cha Wanawake, wasichana wakafunzwa kutumia silaha Nachingwea, kambi ya FRELIMO kusini mwa Tanzania, wakalinda vijiji na kuwaelimisha raia, ingawa wapo wanaume ndani ya chama chenyewe walioona ni aibu mwanamke kushika bunduki.

Bi. Mkwajuni:
Nakubaliana na mzee, ila bunduki isitufumbe macho. Josina Machel, mpiganaji wa FRELIMO na mke wa Samora, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25 tu, alipata mafunzo ya kijeshi, na bado jukumu lake kubwa likawa malezi ya watoto waliofiwa na wazazi vitani. Mwanamke aliongezewa silaha pasipo kupunguziwa ulezi. Hata hivyo, naona badiliko moja la kweli: ulezi uliokuwa wa mama peke yake uani kwake ukawa shughuli ya chama kizima, yenye vituo na viongozi.

Mzee wa Dunda:
Hapo umenena, bibi. Mwalimu, mweleze mwanafunzi wako pia habari za Graça Simbine, aliyekuwa naibu mkuu wa shule hiyo hiyo ya Bagamoyo mwaka 1974, na mwaka uliofuata, Msumbiji ilipopata uhuru, akawa Waziri wa Elimu. Kwenye baraza lile la mawaziri hapakuwa na waziri mwanamke mwingine, nalo ni jibu la nusu ya pili ya swali lako.

Mwalimu wa Historia, Bagamoyo:
Ahsanteni sana. Somo nitalianzia kwa wale waliovuka Ruvuma na mizigo kichwani, ndipo nifike Nachingwea.