Naomba ushauri: gitaa zito na mvumo wa giza vinamezana

Hamjambo wadau wa muziki. Mimi napiga gitaa la roki nzito hapa Nairobi; mwenzangu anatengeneza sauti za giza, mivumo mirefu na mwangwi kama wa pangoni, bila mdundo. Tunarekodi albamu ya pamoja, nyimbo 5. Mfano wetu ni ile kazi ya Melvins (bendi ya roki nzito) na Lustmord (mtunzi wa mivumo ya giza) ya 2004, ambamo wimbo mmoja unapita dakika 20 na bado kila kitu kinasikika mahali pake.

Chetu ni uji. Uzi wangu mnene nimeulegeza hadi noti ya A, yaani hetsi 55 (mitetemo 55 kwa sekunde), na mvumo wa mwenzangu umekaa kwenye 53 hivi. Vikikutana, sauti inavimba na kunywea mara mbili kila sekunde. Hata glasi ya chai juu ya spika inatetemeka kwa zamu!

Nimejaribu kukata gitaa chini ya hetsi 80, likawa jembamba kama redio ya mlinzi. Tukapunguza mvumo, ikabaki roki tupu, giza lote limeondoka. Kuvitenganisha kulia na kushoto pia hakujasaidia.

Sasa naomba kujua: ni bora yeye apandishe mvumo hadi 55 kamili, au nirekodi upya gitaa juu zaidi? Na je, kwenye nyimbo ndefu hivi, nani anampisha mwenzake huko chini? Yeye anasema ni mimi. Studio tumeilipia hadi Ijumaa tu.