Mrejesho: mbegu za argun zimeota

Niliuliza awali iwapo mbegu zangu za argun (Medemia argun), mti adimu wa jamii ya mikoma unaotishiwa kutoweka, ambao asili yake ni majangwa ya Sudan na kusini mwa Misri, zilikuwa zimekufa. Kwa furaha kubwa naarifu kwamba zimeota. Ushauri niliopewa wa kuzipanda katika chombo kirefu umefaa sana, kwa sababu mbegu hii hutanguliza kikonyo kinene cheupe kinachozama chini kikiwa kimebeba kiinitete, na jani la kwanza huanza safari yake huko kilindini. Kupitia ubavu wa chombo kinachoonyesha ndani nilikiona kikonyo hicho kikishuka, ilhali juu mchanga ulikuwa mtupu. Sasa jani moja jembamba limechomoza. Namwagilia kwa kiasi, maana maji yakituama mzizi huoza.