Mdogo wangu yupo Leeds na ana Jumamosi moja tu: nimtume stesheni gani akanipigie picha?

Madamu Treni (Jumatatu, saa 2 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kijiji kipo pembeni ya reli ya zamani, upande wa Kigwe ukitokea Dodoma mjini. Jina hilo hapo juu nimepewa na walimu wenzangu na nimeshalizoea. Treni ikipita naacha daftari nilizokuwa nasahihisha, naenda dirishani, nasoma namba ya kichwa na kuiandika nyuma ya andalio la somo. Mthibiti ubora aliwahi kuniuliza hizo namba ni za nini, nikamwambia hisabati.

Ugonjwa wenyewe niliupata kwenye kengele. Kengele yetu ni kipande cha reli kinachoning'inia kwa waya kwenye tawi la mwarobaini, mwanafunzi wa zamu anakigonga kwa bolti kuukuu. Miaka sita nimeingia darasani kwa sauti yake bila kukitazama. Mwaka juzi waya ukakatika, kikaanguka, ndipo nikaona ubavuni kuna herufi zilizoinuka chini ya kutu. Nikasugua kwa brashi ya waya, bado hazisomeki. Nikachukua chaki nyeupe, nikailaza ubavu, nikaipitisha taratibu juu ya chuma, kama watoto wanavyonakili sarafu kwa penseli. Zikajitokeza: KINGTON, kisha 1951, kisha B.S. 60 R. Mwanzo wa neno uliondoka na msumeno wa aliyeikata.

Usiku ule niliingia mtandaoni kuitafuta hiyo KINGTON, sikuipata, ila nilipokuja kuzima simu ilikuwa saa nane na bando la wiki limekwisha. Nilikuwa nimeangukia treni za Uingereza. Kumbe kule kuna watu wazima, wengine wana wajukuu, wanasimama mwisho wa jukwaa na chupa ya chai wakiandika namba za vichwa kama mimi! Tangu 1942 kuna vitabu vidogo vilivyoorodhesha namba zote, mtoto anapiga mstari chini ya kile alichokiona kwa macho yake. Treni za mvuke za shirika lao la taifa zilistaafishwa Agosti 1968, lakini kuna watu wanazifufua mpaka leo, siku zao za mapumziko, bila mshahara. Mimi huku nilipiga picha ya kichwa cha mizigo kwenye stesheni moja (siitaji), mlinzi akanifutisha picha zote, hadi za kipaimara cha mwanangu.

Sasa swali. Mdogo wangu anasoma Leeds, mwaka wa kwanza. Habari za treni hana, yeye anajua nauli yake ni kubwa kuliko ya basi, basi. Nimembembeleza mpaka akakubali kunipa Jumamosi moja. Nimebaki na sehemu tatu: St Pancras ya London, York, au Glasgow. Moyo wangu uko St Pancras. Lile paa la 1868 lina upana wa karibu mita 74 na hakuna nguzo hata moja katikati. Miaka ya 1960 ilinusurika kubomolewa, na lango kubwa la stesheni ya Euston pale jirani lilikuwa limeshavunjwa. Mshairi John Betjeman alikuwa miongoni mwa walioitetea, na sasa ana sanamu humo ndani: kashika kofia yake isianguke, anatazama juu kwenye paa. Nikiiona picha ya ile sanamu najiona mimi pale dirishani.

Nimtume wapi? Na KINGTON ni kitu gani? Nawasilisha.

Kijana wa Area C (Jumatatu, saa 3 usiku)

Madamu, kwa heshima zote. Tangu Julai 2024 tuna treni ya umeme hapa hapa Dodoma, inakula kilomita 160 kwa saa. Wewe unaagiza picha za makopo ya mkoloni? Panda SGR uende Dar, ule samaki Feri, urudi jioni. Ugonjwa utapona.

Madamu Treni (Jumatatu, saa 3 usiku)

Area C mdogo wangu, SGR nimeipanda mara tatu, na namba ninazo. Lakini nisikilize. Kile kichwa chao kinachoitwa Flying Scotsman, kilichotoka kiwandani 1923, kilipimwa rasmi kikifika hiyo hiyo 160 mwaka 1934. Kwa mvuke.

Na hili ndilo linaloninyima usingizi. Reli yetu ya zamani, ya Mjerumani, iliyofika Dodoma 1910, ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. SGR ina milimita 1,435. Hicho kipimo ni cha George Stephenson, mhandisi wa reli za mwanzo za Uingereza, kinatokana na njia za migodi ya makaa kaskazini mwa Uingereza, na kilikuwa kinatumika kwenye reli ya Liverpool na Manchester mwaka 1830, miaka 80 kabla ya reli kufika hapa Dodoma. Kwa hiyo reli mpya ina kipimo cha zamani kuliko reli ya zamani. Nimewaeleza ofisini, mwalimu mkuu akaniuliza kama nimekula.

Mzee Bogi (Jumanne, saa 12 asubuhi)

Marahaba mwanangu. Hujanisalimia lakini naitikia, maana najua ungenisalimia.

Nilianza kazi 1974, shedi ya Tabora, kijana wa kufuta masizi na grisi. Huyu wa Area C asiite makopo. Vichwa vya daraja la 30 vilitengenezwa Glasgow na kampuni ya North British, vikaanza kazi 1955 na 1956, na kila kimoja kikapewa jina la kabila la Afrika Mashariki. Tenda lake, yaani behewa la maji na mafuta linalofuata nyuma ya kichwa, lilikuwa refu, tangi la maji la kutosha, kwa sababu kuanzia Dodoma kwenda Tabora maji unayajua mwenyewe. Zetu zilichoma mafuta mazito, si makaa. Masizi yakijaa kwenye mabomba ya boila, faya man, yule mchochea moto, anachota mchanga kwa kikombe anautupa tanuruni, mchanga unavutwa na upepo wa moto, unakwangua masizi yote, unatoka juu kwenye bomba la moshi. Moshi mweusi tii. Tulikuwa tunafanya hivyo tukipandisha kutoka Saranda kwenda Manyoni, na mama mmoja pale aliyekuwa anaanika nguo karibu na njia alikuwa anajua majina ya madereva wote, anawatukana mmoja mmoja.

Namba 3020 inaitwa Nyaturu. Wanyaturu wa Singida hawa hawa, shemeji zangu. Ipo kwenye makumbusho ya reli, Nairobi. Nilikwenda kule msibani, nikatoroka msiba saa mbili nzima kwenda kuiona. Mke wangu hajanisamehe.

Kwa hiyo mimi nasema Glasgow. Nyumbani kwake.

Mbongo wa Sheffield (Jumanne, saa 4 usiku)

Shikamoo mzee. Habari za kazi, Madamu.

Nimesoma nikiwa mapumziko ya shifti, nikashindwa kurudi kazini kwa wakati. Mimi huku napakia maboksi, lakini Jumapili zangu ni za treni, na sijapata kumwambia Mbongo yeyote.

KINGTON yako ni WORKINGTON. Ni mji wa pwani, kaskazini magharibi. Waliviringisha reli pale zaidi ya miaka 100 na kuziuza kila kona ya dunia, kazi ikasimama 2006. 1951 ni mwaka kipande chako kilipotoka kwenye mashine. B.S. ni viwango vya Uingereza. 60 ni uzito, ratili 60 kwa yadi, yaani karibu kilo 30 kwa mita moja. Kipime urefu, kisha ukiweke kwenye mizani uone kama nadanganya.

Kuhusu Jumamosi. Mzee, Glasgow ni mbali kwa kwenda na kurudi siku moja, na kile kiwanda kilifungwa 1962. Kikubwa cha kuona ni kichwa cha Afrika Kusini, namba 3007, walichokitengeneza 1945. Kilifanya kazi huko mpaka kikazeeka, wakakirudisha, sasa kipo jumba la makumbusho la Riverside. Ni kizuri, ila ni safari. London ni nauli. Treni ya Leeds inashushia King's Cross, unavuka barabara upo St Pancras, lakini kwa pesa ya mwanafunzi kununua tiketi ya haraka haraka ni kumwonea.

York ni karibu nusu saa kutoka Leeds, na makumbusho ya taifa ya reli hayana kiingilio. Stesheni yenyewe ya 1877 imejengwa kwenye kona, paa lote la chuma linakunja pamoja na njia. Ukisimama jukwaani unaona nguzo zinapinda mpaka zinapotea. Ndani ya makumbusho kuna Mallard, namba 4468, la buluu, lililokimbia kilomita 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, na hakuna kichwa cha mvuke kilichopimwa rasmi kikalipita. Kuna kichwa cha China cha 1935, kirefu mpaka mtu anakosa pa kusimama apate picha nzima. Kuna na behewa la mbele la treni ya risasi ya Japani, kwa ajili ya Area C.

Mwambie apige picha anavyotaka hata stesheni, hakuna wa kumfutisha. Asitumie mwanga wa flashi, na asivuke mstari wa njano.

Kijana wa Area C (Jumanne, saa 5 usiku)

Hiyo ya Japani niwekeeni.

Madamu Treni (Jumatano, saa 1 usiku)

Shikamoo Mzee Bogi, nisamehe, jana nilikuwa na mitihani ya nusu muhula. Hiyo ya Nyaturu nimeisoma mara nne. Darasa la tano nina watoto wawili Wanyaturu, nimewaambia kabila lao limewahi kuvuta treni, sasa wanatembea kwa mabega.

Mbongo wa Sheffield, nimepima. Urefu sentimita 62. Tukaibeba mimi na mwalimu wa zamu hadi kwa mnunuzi wa alizeti, tukaiweka kwenye mizani yake. Kilo 18 na robo. Nikazidisha 30 mara 0.62, napata 18.6. Ile theluthi ya kilo hivi iliyopungua nahesabu ni kutu, na miaka yote ya kugongwa na bolti. Mnunuzi wa alizeti akauliza tunaiuza bei gani. Mwalimu mkuu akaniuliza kwa nini leo hakukuwa na kengele ya mapumziko.

Nimeamua York. St Pancras itanisubiri niende na miguu yangu.

Madamu Treni (Ijumaa, saa 3 usiku)

Jamani. Mdogo wangu kanitumia ujumbe sasa hivi. Kesho njia ya York imefungwa kwa matengenezo, abiria wanapakiwa kwenye mabasi. Mabasi! Ameandika, "Dada, si ulisema Uingereza?"

Mzee Bogi (Ijumaa, saa 3 usiku)

Kama sisi mvua ikikata njia Kidete. Unashuka na mizigo yako na kuku wako, unapanda basi.

Mbongo wa Sheffield (Ijumaa, saa 4 usiku)

Wikendi ndivyo walivyo, Madamu, ningekuonya. Anakaa mtaa gani hapo Leeds?

Madamu Treni (Ijumaa, saa 4 usiku)

Hunslet.

Mbongo wa Sheffield (Ijumaa, saa 4 usiku)

Hunslet! Madamu, huyo kijana amelala juu ya mgodi. Asipande kitu chochote, atembee kwa miguu mpaka Moor Road, aulizie Middleton Railway. Ile njia ilipata sheria ya Bunge mwaka 1758, mabehewa ya makaa yakivutwa na farasi. Mwaka 1812 wakaweka mvuke, kabla ya huyo Stephenson wako kujulikana. Tangu 1960 inaendeshwa na watu wa kujitolea. Na huo mtaa wenyewe ulikuwa wa viwanda vya vichwa vya treni, kila kona. Kesho wanawasha moto, nimeangalia ratiba yao.

Madamu Treni (Jumamosi, saa 2 usiku)

Amekwenda. Alidhani atakaa nusu saa, amekaa mpaka wamefunga.

Anasema kuna mzee wa miaka themanini kasoro, ovaroli imejaa mafuta, anafuta fimbo za magurudumu kwa kitambaa huku anapiga mluzi. Akamuuliza kijana ametokea wapi, kijana akasema Tanzania, Dodoma. Mzee hakuuliza habari za simba wala Kilimanjaro. Aliuliza, "Njia ya mita moja, au ile mpya?" Mdogo wangu hakujua la kujibu, ikabidi anipigie simu pale pale, nikazungumza na yule mzee dakika kumi kwa Kiingereza changu cha darasani. Nikamweleza kengele. Akaniuliza inatoa sauti gani. Jumatatu nitairekodi nimtumie.

Picha ni tisa, naziweka hapa kesho bando likiruhusu. Kichwa ni kidogo, cha kijani, shaba yake inang'aa utadhani imepakwa samli. Kuna ya moshi, kuna ya yule mzee, kuna ya mdogo wangu mwenyewe kavaa kofia ya gadi.

Mzee Bogi (Jumamosi, saa 2 usiku)

Safi sana. Namba yake?

Madamu Treni (Jumamosi, saa 3 usiku)

Mzee wangu, nimezikuza zote tisa moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja yenye namba.

Mzee Bogi (Jumamosi, saa 3 usiku)

Mrudishe.