Dunga, Maruhubi au Mtoni? Nipeni ushauri

mkaazi_wa_kwerekwe:
Asalaam alaykum. Skuli zimefunga, Dar mwaka huu hatuendi, mfuko hauruhusu. Nimewaahidi watoto kuwatembeza kwenye moja ya yale makasri ya shamba ya hapa Unguja yaliyobaki magofu. Nimebakisha matatu: Dunga, Maruhubi na Mtoni. Lipi linafaa? Nataka niamue kabla ya Alkhamisi.

fundi_wa_vespa:
Wa alaykum salaam. Watoto wangapi, wa umri gani? Mna gari au mnapanda daladala? Umeuliza kama mtu anayetaka bei ya nguo bila kusema kanzu au shuka.

bibie_wa_bububu:
Maruhubi, wala usihangaike. Gari ya 502 inapita hapo hapo barabarani. Sultani Sayyid Barghash alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880, masuria wake wakakaa humo, likaungua 1899. Ghorofa ya juu yote ilikwenda na moto, zimebaki nguzo nene zimejipanga hazibebi kitu, na hamamu yake pembeni. Ukitoka hapo unateremka pwani, watoto wanatazama madau.

mpemba_wa_chake:
Mnazunguka bure. Njooni Pujini, huku kwetu Pemba. Ngome ya mtawala Mkame Ndume, karne ya 15. Wazee wanasema alikuwa na wake wawili wasiotakiwa kuonana, akajenga ukuta katikati ya kisima: mmoja ateremke ngazi, mwenziwe ateke kwa kamba. Watoto hawatasahau.

fundi_wa_vespa:
Ami, mtu kasema mfuko hauruhusu, wewe unampandisha boti!

mpemba_wa_chake:
Boti ya usiku rahisi.

ummu_watatu:
Mie nakwambia usiende Dunga na watoto wadogo. Mwaka juzi tulikodi gari, dereva katushusha saa nne, akasema saa saba yupo hapo. Tukazunguka, tukala mkate wetu wa mofa kwenye kivuli, basi. Mwanangu wa kati akajificha nyuma ya ukuta anacheza. Nasikia ukelele. Natizama, mikono yote kashika upupu! Anajikuna, analia, na kila akijikuna anajipaka shingoni. Maji tuliyokuwa nayo chupa moja na nusu. Nikamwagia yote, wapi. Bibi mmoja wa pale kijijini akaja na majivu ya jikoni, akampaka taratibu kama anapaka unga samaki, akanigombeza mimi kwa nini nilimwagia maji. Dereva? Saa kumi kasoro ndio anatokea, anatafuna muwa.

bibie_wa_bububu:
Pole sana dada. Lakini upupu si kosa la Mwinyi Mkuu, mfalme mwenye kasri lake 😂

mwana_wa_shamba:
Dunga isidharauliwe. Hilo ndilo kasri la wenyewe, la Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, lilijengwa kati ya 1846 na 1856. Hayo mengine ya masultani. Siwa, yaani baragumu la kifalme, na ngoma zake zilikwenda kuhifadhiwa makumbusho. Watoto wajue kulikuwa na wafalme hapa kabla ya jahazi za Maskati.

fundi_wa_vespa:
Na kwamba damu ya watumwa ilichanganywa kwenye chokaa, utawaambia pia?

mwana_wa_shamba:
Hayo ni masimulizi. Ulikuwepo?

fundi_wa_vespa:
Na wewe ulikuwepo?

bibie_wa_bububu:
Tusitoke nje ya mada. Mtoni nayo ina sifa yake: Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa hapo 1844, mwenyewe ameandika jinsi ua ulivyokuwa na tausi na mbuni. Likizo hii msomee mkubwa wako sehemu hiyo kabla ya kwenda, aone nini kilibaki.

mkaazi_wa_kwerekwe:
Samahani, nilichelewa kujibu. Watoto watano, mdogo ana miaka mitatu. Na mama yangu anataka kuja, magoti yanamsumbua. Gari sina.

fundi_wa_vespa:
Sasa ndio unasema! Mama ana magoti na wewe unatafuta magofu?

ummu_watatu:
Mama mkalishe pwani Maruhubi. Mkeka, kofia ya ukili, chupa ya chai.

mpemba_wa_chake:
Pujini hakuna ngazi nyingi, ni kisima tu...

mwana_wa_shamba:
Dada wa mofa, huo mkate uliununua wapi? Mwembeladu siku hizi sipati mzuri.

ummu_watatu:
Kwa mama mmoja Darajani, ukichelewa saa mbili humkuti.

mkaazi_wa_kwerekwe:
Mama anasema yeye anataka Mtoni. Nitawaambia Jumatano.