Fundi kanipiga 95,000 "kadi ya sauti imeungua", kumbe sauti ilikuwa inatokea kwenye TV!

Wakuu habari za jioni. Nina hasira, mnivumilie.

Nyumbani nina kompyuta ya mezani, mtumba wa Kariakoo, mwaka wa tatu huu haijawahi kunisumbua. Jumapili kijana wangu akachomeka waya wa HDMI, ule unaobeba picha na sauti pamoja, kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye TV ili waangalie mpira kwa upana. Mpira ukaisha, TV ikazimwa kwa rimoti, waya ukabaki palepale. Jumatatu nawasha, kimya. Sabufa inawaka taa, nimekorogakoroga nyaya, nimezima na kuwasha, wapi.

Nikabeba CPU mgongoni kwenye boda hadi kwa fundi wa hapa mtaani. Hakuiwasha. Narudia, HAKUIWASHA. Alifungua kasha, akamulika na tochi ya simu, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya: "Bosi, kadi ya sauti imeungua, na Windows nayo imechoka." Bei: kadi 60,000, kupiga Windows upya 15,000, ufundi 20,000. Nikatoa. Nilikuwa na haraka, mama watoto ana semina zake za mtandaoni jioni.

Nilipoifuata kesho yake, pale dukani ilipiga muziki safi kabisa. Nikamshukuru na soda nikamnunulia, mjinga mimi. Nafika nyumbani, narudisha nyaya zote mahali pake, kimya! Nampigia simu, ananijibu bila aibu: "Bosi, basi huko kwako umeme ni mbaya."

Umeme mbaya unaobagua sauti tu na kuacha picha!

Sasa sikieni nilivyoujua ukweli. Usiku nimekaa na mawaidha yanacheza kwenye kompyuta bila sauti, huku namwandikia fundi meseji za matusi. Binti yangu akaingia, akabonyeza rimoti ya TV. Shehe akalipuka sebuleni kwa sauti ya juu hadi mtoto mdogo akaamka analia. Mawaidha yaleyale niliyokuwa nayatazama! Yaani siku zote hizo kompyuta ilikuwa inaongea, ila inaongea na TV iliyolala. TV nyingi ukizizima kwa rimoti hazifi kabisa, kompyuta inaendelea kuziona kwenye waya, na Windows ikishaambiwa ipeleke sauti huko, inapeleka tu. Ndiyo maana kwa fundi ilipiga vizuri, kwani pale hakuna TV.

Tiba yenyewe ni hii, na ni ya bure. Bonyeza ile alama ya spika chini kulia, halafu kishale kilicho pembeni yake, utaona majina ya vifaa. Yangu ilikuwa imechagua jina la TV. Nikachagua Realtek, ndiyo chipu ya sauti ya kompyuta yenyewe, sabufa ikanguruma. Sekunde nne.

Ukitaka kuhakikisha kabla hujabeba CPU mgongoni kama mimi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, piga Enter. Cheza wimbo wowote, kisha tazama ile mistari pembeni ya kila kifaa. Ukiona ya kijani inapanda na kushuka, kompyuta inapiga sauti, swali ni inampigia nani. Haichezi kabisa hata wimbo ukiwa hewani, hapo ndipo uanze kufikiria draiva, ile programu inayoendesha kifaa cha sauti. Na kwa walio wengi, spika zinachomekwa tundu la kijani nyuma. La waridi ni la maiki, msifanye kama shemeji yangu.

Jana nikafungua kasha mwenyewe nione hiyo kadi ya 60,000. Hakuna kadi ndani! Chipu ya sauti imechomelewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu, tangu kiwandani, na ndiyo hiyohiyo iliyopiga nilipochagua Realtek. "Kadi" yake ni kile kidude cha USB chenye matundu mawili, kachomeka nyuma, basi. Nimekiulizia Kariakoo, elfu kumi. Halafu ule waya mwembamba unaoleta sauti kwenye tundu la hedifoni la mbele kauchomoa na kuuacha unaning'inia. Umeandikwa kabisa HD AUDIO, na kwenye mazabodi kuna sehemu yake ya pini tisa, hata ukitaka kukosea huwezi, pini moja haipo na tundu lake kwenye kichwa cha waya limezibwa. Kuurudisha kumemshinda mtu anayejiita fundi.

Hela ningesamehe. Kinachoniuma ni kupiga Windows bila kuniuliza habari za mafaili yangu. Picha za arusi ya dada yangu zilikuwa kwenye desktopu, na yeye kafomati, yaani kafuta, C yote kwa tatizo la kubonyeza mara tatu. Hakuuliza hata "bosi, una vitu vyako humu?" Nimemwambia, anasema mteja ndiye anatakiwa aseme. Na kidude chake hakirudishwi, "kikishatoka dukani kimetoka".

Hadi diski nimeichomoa, sijaandika kitu tena juu yake tangu juzi. Mwenye uzoefu wa kurudisha mafaili baada ya kufomatiwa aje PM, lakini awe ameshafanya kweli, siyo wa "leta tuone".

Kesho saa nne nipo dukani kwake na kidude mfukoni, na waya wa HDMI nimeuviringisha tayari. Akianza tena habari za umeme mbaya, naifuata TV.