Nimedhalilishwa saluni nikiwa nusu kichwa

NusuKichwa
Wanajamvi, salamu sina. Naandika natetemeka.

Yule dada mnamjua. Uso saa mbili asubuhi, vidole saa mbili usiku. Anayepima mkorogo kwenye kopo la majarini. Leo kanikuta kwa msusi, upande mmoja nimeshasukwa, upande mwingine timutimu. Ananisogezea sabuni puani: "Nusa, hii ya Ulaya."

Nikamwambia kistaarabu (haya, si kistaarabu sana) kwamba sabuni za kuchubua za aina hiyo zilitiwa zebaki. Zebaki inaizuia ngozi isitengeneze rangi, halafu inapenya mwilini kwenda kuzitafuna figo. Na hao hao Ulaya walishajikataza kuziuza kwao, viwanda vikaendelea kutengeneza za kutuletea sisi Afrika! Hadi sheria yao ya 2003 ndipo wakazuia na kuzisafirisha nje.

"Nani kafa?" ananiuliza, anatafuna karanga.

Nikaona nimpe historia. Enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza kule Uingereza, mabibi wakubwa walijipaka usoni unga mweupe wa risasi iliyoozeshwa kwa siki, wapate weupe.

Akameza karanga. "Elizabeth si juzi tu kafa na miaka 96?"

SALUNI NZIMA. Msusi kaachia nywele zangu kakaa chini. Mama aliyekuwa ndani ya drayer, ambaye hasikii hata radi, naye anacheka!

Miaka 96! Wa Kwanza kafa 1603 jamani, na miaka 69! Nimepiga kelele 1603, 1603, nani asikie? Mpaka mtoto wa kashata mlangoni: "Dada, 96." Na kuondoka siwezi, naenda wapi na nusu kichwa? Nimekaa saa mbili nzima, kila mteja anayeingia anasimuliwa upya. Miaka 96!

Kisu_Butu
Nimeishia hapo pa risasi. Walijipaka au walijipiga?

MamaPilipili
Pole mwaya. Huyo dada namjua, mdogo wangu alimpaka mpaka akawa hawezi kukaa karibu na jiko, uso unawaka kama nyanya.

Mzee wa Kijiwe
Binti, 69 na 96 ni tarakimu zilezile, kazigeuza tu. Umefungwa goli halali.

NusuKichwa
Mzee, MIAKA 96 NI YA WA PILI!

Msomi_Mkavu
Na hata huyo wa 1603, kwamba mwenyewe alijipaka risasi ni masimulizi kuliko ushahidi. Wa enzi zake waliipaka kweli, ila yeye hakuna aliyemfumania na kopo.

NusuKichwa
Wewe ulikuwa saluni nini?

Kisu_Butu
Swali la msingi: nusu iliyobaki imemaliziwa? Tupia picha.

Dogo_Gesi
Mnahangaika na sabuni. Coca-Cola ilipoanza Atlanta 1886 ilikuwa na kokeini kutoka kwenye majani ya koka. Ya leo pale baa ya kona haina hata gesi, na ni ya moto. Yule mhudumu mnamjua, ukimwambia ina moto anakwambia pulizia.

MamaPilipili
Huyo huyo! Mimi alinipa chenji ya pipi.

Bwana Chenji
Pipi msiniguse. 1858 mji wa Bradford, Uingereza, mtengeneza pipi alitaka unga wa plasta achanganye na sukari, maana sukari ghali. Duka la dawa wakampimia aseniki kimakosa. Watu kama 20 wakafa, zaidi ya 200 wakaugua. Sasa mimi na akili zangu nanunua kiberiti, narudishiwa pipi nne.

Dogo_Gesi
Nne? Mimi mbili na kijiti cha meno.

NusuKichwa
Jamani mada ni saluni.

Mzee wa Kijiwe
Kijiti kipya au?

Bwana Chenji
Ninazo 31 kwenye kopo. Jumamosi naenda kununua nazo sukari robo, akikataa nafungua uzi.

MamaPilipili
Nitakuja na zangu. Fungua saa ngapi?