Mashine ya FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) inahesabuje chembe za damu?

KijanaWaUyole: Wakuu habari. Jana nilimpeleka mama kupima damu hapa Mbeya, wakatoa kachupa kamoja ka kifuniko cha zambarau, muda si mrefu karatasi hiyo hapo: HB (himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu) 12.4, chembe nyekundu mamilioni huko, chembe sahani (zile za kugandisha damu) 62, yaani elfu 62 tu. Sasa mamilioni yanahesabiwaje haraka hivyo, au mashine inakadiria tu? Na hizo 62 zinanitisha, maana mama yuko fiti kabisa, juzi tu alikuwa shambani anapalilia viazi.

MaabaraIringa: Inahesabu kweli mkuu, ila haizioni. Damu inachanganywa na maji ya chumvi halafu inanyonywa kupitia katundu kadogo mno huku umeme kidogo unapita humo humo, na chembe haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo kila moja ikipita umeme unacheza na mashine inahesabu moja, maelfu kwa sekunde. Chembe ikiwa kubwa umeme unacheza zaidi. Hii kitu kaigundua Mmarekani Wallace Coulter, hataza akapewa 1953, na mpaka leo ipo kwenye mashine kibao. Nyekundu na sahani zinapita tundu moja, zinatofautishwa kwa ukubwa tu, nyekundu femtolita (kipimo cha ujazo mdogo mno) 80 hadi 100, sahani kama 10 hivi.

BintiMakete: Na HB nayo ni umeme?

MaabaraIringa: Hapana dada, HB ni mwanga. Nyekundu zinapasuliwa kwa dawa, rangi yake inamwagika, mashine inapitisha mwanga wa kijani, urefu wa wimbi kama nanomita 540, na kupima umemezwa kiasi gani. Damu ikiwa na mafuta mengi inakuwa na ukungu, HB inapanda kwa uongo.

NesiTukuyu: KijanaWaUyole hizo 62 msizipokee hivi hivi. Ile chupa ina EDTA ya kuzuia damu isigande, isipogeuzwageuzwa vizuri damu inaganda kidogo na sahani zinanasa humo. Halafu kuna watu EDTA yenyewe inafanya sahani zao zishikane, mashine inakutana na donge, haihesabu sahani. Ombeni waangalie slaidi kwa darubini, ikibidi watoe nyingine kwenye chupa ya bluu, ambayo haina EDTA. Ila akitoka damu puani au kwenye fizi, au ngozi ikaota vidoa vyekundu, msingoje, hospitali siku hiyo hiyo.

KijanaWaUyole: Kweli kuna kinyota cha tahadhari pembeni ya namba ya sahani kwenye karatasi na hakuna aliyetuambia kitu! Slaidi watatumia damu ile ile ya jana?

NesiTukuyu: Hapana, hiyo imeshalala. Mpeleke mama mwenyewe watoe mpya.